Ubao, Redio na Kishikwambi: Ni Kipi Kimsomeshacho Mtoto?

 

Kuna swali lisilokosa kuulizwa siku hizi wakutanapo wazee wenye watoto wa shule, nalo ni hili: Je, vyombo hivi vipya, yaani simu, kishikwambi, kompyuta na televisheni, vyaweza kuwatoa watoto wa nchi maskini katika kutojua kusoma? Wako wajibuo upesi kuwa ndiyo, na hao aghlabu ni wauzaji wa vyombo hivyo, au vijana waliokwisha kuvizoea. Na wako wajibuo upesi kuwa hapana, kwamba vyote hivyo ni fitina, na hao aghlabu ni sisi walimu wa vyuo vya Kurani. Namwomba msomaji aniruhusu nijibu polepole, kwani majibu hayo mawili ya haraka yamekwisha kula fedha nyingi, na pamoja na fedha yamekula miaka ya watoto, ambayo hairudi.

Tuanze na habari iliyotokea katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 2014 shirika moja la Marekani liitwalo XPRIZE lilitangaza mashindano ya dola milioni 15. Walitakiwa mabingwa wa kompyuta watunge programu ambayo mtoto asiyepata kwenda shule ataweza kujifunza nayo kusoma, kuandika na kuhesabu, pasipo mwalimu kumsimamia. Mahali palipochaguliwa kwa kuzijaribu programu hizo ni vijiji vya Mkoa wa Tanga. Serikali ya Tanzania ikashirikiana na UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na kampuni ya Google ikatoa vishikwambi. Timu tano zilizofika mwisho zilitia masomo yao ndani ya vyombo hivyo kwa lugha ya Kiswahili, na watoto zaidi ya 2,700 wakapewa, kila mmoja na chake, wakakaa navyo kwa muda wa miezi 15. Mwezi wa Mei 2019 washindi wakatangazwa kuwa wawili, Kitkit School na onebillion, nao wakagawana zawadi ya dola milioni 10.

Sasa tuitazame hesabu. Kabla ya majaribio, asilimia 74 ya watoto wale ilisemekana hawakupata kwenda shule kabisa. Asilimia 80 hawakupata kusomewa kitabu nyumbani kwao. Na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, lugha waizungumzayo kila siku. Ilipotimia miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu.

Habari hii yaweza kusomwa kwa namna mbili, na zote mbili ni kweli. Watoto wengi waliokuwa gizani walipata kusoma bila darasa, bila chaki na bila fimbo, na asiyestaajabu kwa jambo hilo hajapata kumsomesha mtoto wa miaka saba. Walakini wengine karibu sawa na hao walibaki palepale, ingawa walikaa na chombo cha thamani mikononi kwa mwaka mzima na miezi mitatu juu yake, na ndani yake mna kazi ya mabingwa wakubwa wa dunia. Tena wasemao kwamba watoto wale walijifunza peke yao husahau kuwa katika vijiji vile waliwekwa akina mama wa kuviangalia vyombo, kuvitia moto kwa umeme wa jua na kuwarudishia watoto. Hata pale paliposemwa hapana mwalimu, palikuwa na mama.

Ninalotaka kulichunguza hasa ni sababu. Kwani vyombo kama hivyo vimepelekwa kwingineko na havikuleta hata hiyo nusu. Nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, iligawa kompyuta ndogo kwa laki nyingi kwa watoto wa shule. Watafiti wakapima katika shule 319 za vijijini, na majibu yakatolewa mwaka 2012. Baada ya muda wa miezi 15, sawasawa na ule wa Tanga, watoto waliopewa kompyuta hawakuwashinda wenzao wasiopewa, si katika hesabu wala katika kusoma. Walizoea kuitumia kompyuta yenyewe, na katika vipimo vingine vya akili kwa jumla walizidi kidogo tu. Na jirani zetu wa Kenya waliahidiwa mwaka 2013 kwamba kila mtoto aingiaye darasa la kwanza atapata kompyuta. Vyombo vikaanza kufika shuleni mwaka 2016, hata vikapita milioni moja. Lakini magazeti ya huko yaliandika mara nyingi juu ya shule zilizovifungia stoo, kwa kuhofia wezi, au kwa kukosa umeme, au kwa kuwa walimu hawakufundishwa namna ya kuvitia katika masomo yao.

Basi tofauti ya Tanga na Peru ni nini? Chombo ni karibu kilekile. Tofauti ni kwamba kompyuta za Peru zilipelekwa kama mtu apelekavyo jembe mahali, akaliweka, akaondoka. Anayejua kulima atalima. Programu za Tanga zilikuwa na kazi moja tu. Zilimshika mtoto pale alipo, zikampa herufi moja, zikamngoja. Akikosa, zilimrudisha nyuma bila kumtahayarisha mbele ya wenzake, na akipata, zilimpandisha daraja. Mtoto wa miaka kumi asiyejua a hakulazimishwa kukaa na somo la wajuao, na mtoto mwepesi hakufungwa mguu na wazito.

Nilipolifahamu jambo hili nilicheka peke yangu, kwani ni desturi ya chuo chetu tangu zamani. Wazee wetu walisomea ubao, uliopakwa udongo mweupe, ukaandikwa kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Mwalimu humwandikia mtoto somo lake. Mtoto hulidurusu mpaka likamkaa ulimini. Huja mbele ya mwalimu akalisoma. Akilitoa sawa, ubao huoshwa na kuandikwa somo jipya, na asipolitoa sawa, ubao hauoshwi. Waliketi watoto 30 juu ya jamvi moja, na masomo yao ni 30. Huyu yuko katika alifu na be, yule yuko katika fataha na kasra, wa tatu yuko Alam Tara, na wakubwa huwasikiliza wadogo kabla mwalimu hajawafikia. Mgeni apitaye nje husikia makelele tu, akasema hapa hapana nidhamu. Kumbe kila sauti ina mahali pake. Wala sisemi kuwa chuo hakikuwa na aibu zake, kwani fimbo ilizidi mno, na maana ya yasomwayo haikufunuliwa. Lakini katika hilo moja la kumjua kila mtoto alipo, ubao ule ulikuwa na akili ambayo kishikwambi ndiyo kwanza kinaipata.

Shule zetu za serikali ziliipoteza akili hiyo si kwa ubaya bali kwa wingi. Mwaka 1977 Tanzania ilianza elimu ya msingi kwa watoto wote, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa upesi wapate kuwa walimu. Mwezi wa Januari 2016 michango na ada zikaondolewa, na madarasa ya kwanza yakafurika nchi nzima. Yote mawili ni mambo ya kheri, na mtoto wa maskini ndiye aliyefunguliwa mlango. Kanuni yasema mwalimu mmoja kwa watoto 45, lakini mwenye kupita mashuleni huona wenyewe ni wangapi. Mbele ya watoto 90 mwalimu hawezi kuandika masomo 90. Huandika somo moja ubaoni, darasa huitikia kwa pamoja, na aliyeko nyuma huitikia vilevile kwa kufuata midomo ya wenzake, naye hajui kitu. Wakati wa kupanda darasa hupanda pamoja nao.

Mimi hupokea watoto hao jioni, hapa Matamba, baada ya shule. Wapo wa darasa la nne ambao ukiwapa barua ya Kiswahili waisome huikodolea macho. Jambo la ajabu ni kwamba baadhi yao Juzuu Amma huisoma kwa kuunganisha herufi vizuri. Basi si watoto wajinga hao. Huku walipewa somo lao, na kule walipewa somo la darasa. Lakini nikiri upande wa pili pia, maana msomaji aliyepita chuoni atanisuta nisiposema: wako vilevile watoto waisomao Juzuu Amma kwa sauti nzuri, na kidole kikiwa juu ya mstari mwingine kabisa. Wameihifadhi kwa sikio, hawaisomi. Udanganyifu huo hauna dini wala chombo. Uko shuleni, uko chuoni, na katika kishikwambi uko pia, kwani mtoto mwerevu huweza kubonyeza picha iliyo sahihi kwa kuwa jana ilikuwa upande wa kulia.

Ndugu zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ambako kutoka wilaya yetu hii ya Makete si mbali kwa ndege wa angani, wametuonyesha njia ya kufaa. Katika Malawi ilianzwa kazi tangu mwaka 2013, kwa masomo ya hesabu na kusoma kwa Kichewa, na programu hiyo ni ya onebillion, hao hao walioshinda Tanga. Hawakutaka kila mtoto apewe chombo aende nacho nyumbani. Walitenga chumba, watoto wakaingia kwa zamu, muda mfupi kila siku, mwalimu wao akiwa amesimama humo ndani, kisha vyombo hurudi kabatini na watoto hurudi darasani. Waliopimwa waliwapita wenzao, na sasa nchi hiyo inaueneza mpango kwa madarasa ya kwanza hadi la nne. Chombo kimoja kwa zamu hutumiwa na watoto wengi, na hapo ndipo bei yake inapovumilika kwa nchi maskini. Angalia vilevile kuwa walianza na lugha ya mtoto.

Kuna chombo kingine ambacho vijana wetu wanakidharau, nacho ni redio. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wazima kiasi cha milioni mbili walikusanyika makundi makundi kuisikiliza Radio Tanzania, kila kundi na kiongozi wake na kitabu chake, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Miaka 30 na kitu baadaye Zanzibar ilirudia hekima hiyo kwa watoto wadogo, katika vipindi vilivyoitwa Tucheze Tujifunze. Sauti ya redioni huuliza, kisha hunyamaza kidogo ili watoto wajibu. Huwaambia wasimame, wahesabu mawe, waimbe. Na kijana wa mtaa huo huo huwaongoza chini ya mti au barazani. Vituo hivyo viliwafikia watoto ambao shule ya watoto wadogo haikuwafikia. Redio haimsikii mtoto, hiyo ndiyo kasoro yake, na ndiyo sababu yule kijana aliwekwa. Lakini betri mbili za redio hata mjane aweza kuzinunua.

Nao Waislamu wa Mombasa, katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Aga Khan, walianzisha madrasa za watoto wadogo ambazo baadaye zilifika Zanzibar na Uganda. Humo mtoto alihesabu kwa vifuu, mbegu na vizibo vya chupa, akapanga herufi zilizokatwa katika maboksi, na walimu wakafundishwa kwanza kabla ya kukabidhiwa watoto. Ukiniuliza kama vizibo vya chupa ni teknolojia nitakuambia ndiyo, maana navyo ni chombo kilichofikiriwa kwa ajili ya kazi.

Sasa nije kwenye jambo linalonisukuma kuandika. Hapa kwetu, baada ya mauzo ya viazi, wazee wa watoto wa chuo walikubaliana kuchanga fedha kwa ajili ya masomo ya watoto wao. Sisi Waislamu wa milima hii ni wachache, na fedha hizo si nyingi. Kijana mmoja afanyaye kazi Makambako akatoa shauri vinunuliwe vishikwambi kadiri fedha itakavyofika, vitiwe Kurani na masomo ya shule, kila nyumba ipate kwa zamu. Wengine wakataka televisheni. Mzee mmoja akauliza: kwa nini tusimlipe posho yule binti aliyemaliza kidato cha nne, awasomeshe wadogo kusoma Kiswahili saa moja kila jioni? Majadiliano yakawa makali, na mpaka naandika haya hayajakwisha.

Nikitakiwa rai yangu, mimi niko pamoja na mzee yule, na sababu zangu si chuki ya vyombo.

Sababu ya kwanza ninaitoa katika majaribio mengine yaliyofanywa hapa Tanzania, yaitwayo KiuFunza. Shirika la Twaweza, katika miaka ya 2013 na 2014, lilichukua shule 350 katika wilaya 10. Shule nyingine zilipewa Shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, zinunue vitabu na vifaa zionavyo vyema. Nyingine hazikupewa fedha hiyo, bali walimu wa madarasa ya mwanzo waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayeweza kusoma na kuhesabu mwisho wa mwaka. Na nyingine zikapata yote mawili. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa fedha ya vifaa peke yake haikuongeza ujuzi wa watoto. Bakshishi peke yake ilileta kidogo. Vilipokutana viwili, watoto walipanda kuliko jumla ya viwili hivyo vikitengana. Nadhani hapana haja ya kusoma chuo kikuu ili kulifahamu hilo. Vitabu vilivyo mbele ya mwalimu asiyeulizwa habari za mtoto fulani hubaki vitabu, na mwalimu mwenye bidii asiye na kitabu huchoka.

Nasi Waislamu tunayo habari ya zamani zaidi. Wanahistoria wa sira wanasimulia kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, baadhi ya wafungwa wa Kikureshi hawakuwa na mali ya kujikombolea, lakini walijua kuandika. Mtume (S.A.W.) akakubali fidia yao iwe kuwafundisha watoto wa Madina, kila mfungwa watoto kumi. Zaid bin Thabit, aliyekuja kuandika Wahyi, ametajwa miongoni mwa waliofaidika. Mazingatio yangu ni katika ile hesabu ya kumi. Haikuwa fidia ya kukaa siku nyingi darasani, wala ya kutoa mbao na kalamu. Ilikuwa ni fidia ya watoto wanaojua, na watoto kumi mtu mmoja aweza kuwajua kwa majina na kwa makosa yao.

Sababu ya pili ni nyumba zetu zilivyo. Kishikwambi hupelekwa nyumbani kwa kutumainiwa kwamba yuko mtu mzima wa kukiangalia. Makete ilipigwa sana na UKIMWI, na watoto wengi wamelelewa na bibi zao. Bibi huyo ana hekima, ana subira, ana hadithi za kutosha kila usiku wa baridi, lakini hawezi kujua kama mjukuu anasoma au anacheza mchezo wa magari, na akimwuliza ataambiwa, "Bibi, hili ndilo somo." Tena katika nyumba yenye chombo kimoja nani hukishika? Sote twajua. Mvulana hukaa nacho kitandani, na dada yake yuko mtoni au jikoni. Tukigawa vyombo kwa zamu za nyumba, tutakuwa tumegawa kwa wavulana. Chumba chenye zamu zilizoandikwa kwa majina, kama wafanyavyo Malawi, humpa msichana saa yake, na hapana awezaye kumnyang'anya.

Na sababu ya tatu ni kwamba baadhi ya vyombo tunavyovitafuta tayari viko. Ilipokwisha Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu wapewe walimu wa shule. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya shule katika maktaba yake ya mtandao, na mwenye simu aweza kuvisoma. Mzazi anayeishi karibu na shule na aende akamwulize mwalimu kwa adabu: kishikwambi chako kinawafaa nini watoto? Huenda akakuta kinatumika vizuri sana, kwani wapo walimu hodari ambao humo hupata kitabu ambacho shule yao ina nakala mbili tu. Huenda akakuta mwalimu hapati fedha ya kununua bando. Basi kumsaidia mwalimu huyo ni rahisi kuliko kununua chombo kipya.

Lakini wenzangu walimu wa vyuo wasidhani kuwa nimewapa ushindi. Tumekuwa wagumu mno wa kupokea. Zamani ziliposikika santuri na kanda za Kurani, wako waliochukia, hali ya kuwa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alipoirekodi Kurani nzima kwa tartili mwaka 1961, alimpa mtoto wa kijiji kisicho na qari sauti ya kuiga katika matamshi ya ʻain na hha. Mimi mwenyewe huitumia sauti yake kwa simu mpaka leo, kwani meno yangu hayako yote, na herufi nyingine hazitoki kama zilivyotoka. Watoto huisikiliza aya mara tatu, kisha huisoma mbele yangu. Mpango ni huohuo: chombo hutoa sauti safi isiyochoka, na mtu husikiliza kosa.

Najua jibu la vijana. Watasema sasa ziko programu zinazomsikiliza msomaji wa Kurani na kumwonyesha neno alilolikosa. Ni kweli, ziko, nami nimeonyeshwa moja. Inashika neno lililorukwa, na kwa mwenye kuhifadhi ni msaada mkubwa. Sina haya kusema hivyo. Lakini mtoto mmoja alipoisomea mbele yangu, alikwama, akatazama chini, akanyamaza. Chombo kikangoja. Mimi nilijua kuwa amenyamaza kwa sababu kaka yake mkubwa alikuwa ameingia, naye humcheka. Nikamtoa kaka nje, na mtoto akasoma mpaka mwisho.

Kwa hiyo shauri nililolitoa kwa wazee ni kwamba tuanze na posho ya binti yule kwa mwaka mmoja, na asipewe zaidi ya watoto kumi na watano. Kitakachobaki kinunue taa ya umeme wa jua, maana hapa jioni huingia mapema na ukungu, mbao ndogo za kuandikia kwa kila mtoto, na kishikwambi kimoja chema, kimoja tu, kikae chuoni ndani ya kasha na ufunguo awe nao yeye. Watoto wakitumie kwa zamu, msichana na mvulana sawasawa, nao wawili wanaosoma kwa chombo watakuwa wamempumzisha mwalimu awasikilize wengine. Mwaka ukiisha tuwapime watoto. Kama chombo kimesaidia, tuongeze cha pili. Kijana wa Makambako hakuridhika, alisema nimeifanya teknolojia kuwa msaidizi wa msaidizi. Nikamwambia amesema sawa.

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu hamna chuo karibu, wala mchango wa viazi wa kujadiliana. Mna mtoto, na pengine mna simu. Basi kabla ya kununua chochote fanyeni kipimo hiki, hakina gharama. Usimpe mtoto kitabu chake cha shule, kwa kuwa huenda amekihifadhi. Mpe maandishi asiyopata kuyaona, kama vile maelezo ya mfuko wa mbolea, au tangazo la zahanati, au ukurasa mwingine wa jarida hili. Mwambie asome mistari mitano kwa sauti, kisha akueleze kwa maneno yake mwenyewe imesema nini. Kama wewe mwenyewe hujui kusoma, mwite jirani anayejua, hapana aibu. Usimkemee akikosa. Pale alipokwama tia alama kwa kalamu, na kesho yake uupeleke ukurasa huo kwa mwalimu wake, wa shule au wa chuo, umwonyeshe alama, umwulize ataanzia naye wapi.

Wabillahi tawfiq.